Afya ya Watu Ndiyo Hazina ya Nchi
(Hotuba iliyosomwa katika jumba la mikutano la Kaloleni, Nairobi)



Wengi hudhani kwamba ugonjwa ni shauri la mgonjwa na jamaa zake tu. Sivyo. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi hapa Nairobi, na wakubwa wakaamuru mtaa huo uchomwe moto. Basi hata aliyekuwa mzima alipotewa na duka lake.

Tena tarehe 13 Machi, 2020, Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Shule zilifungwa, watu wakakatazwa kutembea usiku, na ndege za wasafiri kutoka ng'ambo zikazuiliwa. Hoteli za Mombasa zilikosa wageni, na mchukuzi wa Gikomba akakosa mzigo. Mwaka 2019 pato la nchi lilikuwa limeongezeka kwa kadiri ya asilimia 5. Mwaka 2020 lilipungua kwa asilimia 0.3.

Lakini hasara haingoji maradhi makuu. Mfikirini fundi anayelipwa kwa siku. Akilala na homa siku nne, mshahara wa siku nne umekwenda. Akipewa dawa bila kupimwa damu, nne huwa kumi. Mwenye duka aliyemkopesha unga halipwi, naye hawezi kununua bidhaa mpya. Hivyo homa ya mtu mmoja huingia katika mifuko ya watu wasiomjua.

Kwa hiyo matibabu mema si sadaka. Ni rasilimali kama reli na barabara. Wala kufungua mlango wa hospitali hakutoshi. Mwezi Juni, 2013, Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake. Akina mama walikuja kwa wingi, lakini vitanda na wakunga havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Bei iliposhuka, ubora nao ulihitaji kulindwa.

Mabibi na mabwana, tuzibue mifereji yetu, tuchemshe maji ya kunywa, na tuende kupimwa mapema. Nao tuliowachagua tuwaulize, kwa adabu lakini bila kuchoka, wauguzi ni wangapi na dawa zi wapi. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta huu gharama yake tutailipa sote.