Bunduki Mpya Iliyojifyatua

(Mazungumzo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mugumu)

Ndugu zangu wote tuliokula maharage ya bweni moja,

Nimeombwa nizungumzie uwindaji. Wanaongojea hadithi ya simba watanisamehe, maana nitasema juu ya kipande cha chuma kisichozidi ukucha, na mwenye duka asiyetaka kukitazama.

Mwaka 2011 nilinunua bunduki mpya ya 375 katika duka moja la Dar es Salaam. Nilikuwa na kibali cha polisi, leseni ya nyati mmoja, na karatasi ya dhamana ya mwaka mzima yenye muhuri. Nayataja haya mapema kwa sababu huku kwetu, jirani na Hifadhi ya Serengeti, mtu akitaja bunduki na nyama watu huanza kutazamana.

Siku ya pili porini, mtoto wa dada yangu alikuwa mbele akifuata nyayo. Akainua mkono, nisimame. Nikasukuma kizuizi cha usalama ili niwe tayari. Kidole hakikuwa kwenye kifyatuo. Bunduki ikalia. Risasi iliingia ardhini hatua moja kutoka kisigino chake, ikamrushia udongo mgongoni. Akageuka akasema, "Mjomba, nimekukosea nini?" Kosa langu nalikiri: mtutu ulikuwa umeelekea upande wake. Lakini kufyatua sikufyatua.

Mnamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, aliyekuwa akikata kwa wino mwekundu kila neno "nadhani" katika daftari la majaribio? Nilimkumbuka usiku ule. Nyumbani niliitoa bunduki risasi zote, nikahakikisha mara tatu, nikaifanyia jaribio. Kizuizi kikiwa kimefungwa, nilivuta kifyatuo na kukiachia, kisha nikafungua kizuizi bila kugusa kitu kingine. Mara 20. Katika hizo, mara 4 pini ilipiga yenyewe. Nikaandika yote.

Sababu yake si uchawi. Ndani kuna kabari ndogo inayoishika pini isiende mbele, na kifyatuo ndicho kinachoitegemeza kabari hiyo. Kizuizi kikifungwa huinyanyua kabari kidogo. Kifyatuo kikikwama bila kurudi mahali pake, basi kizuizi kikifunguliwa kabari hukosa pa kuegemea, ikaanguka, na risasi ikaenda.

Nikasafiri siku mbili kwa basi na barua ya polisi mkononi. Baada ya wiki sita nikarudishiwa bunduki na kikaratasi: "Imesafishwa. Haina kosa." Nikajaribu, mara 3 kati ya 20. Nikarudi tena. Safari hii wakasema nimetia mafuta mazito, na mafuta hayamo katika dhamana. Ndugu zangu, mafuta yale waliyatia wao walipoisafisha!

Jirani mmoja alinishauri niipeleke kwa mhunzi wa magobore, aichonge kidogo tu. Nilikataa. Angekuwa amevunja sheria, na duka lingepata kisingizio cha maisha.

Mara ya tatu sikuomba dhamana. Niliwaambia kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, tuliyoirithi tangu enzi za Waingereza, inamdai muuzaji kitu kinachofaa, hata kama kiwanda hakikutoa karatasi yoyote. Kisha nikaweka daftari mezani, nikamwomba fundi wao afanye jaribio mwenyewe mbele ya wateja. Mara ya tisa pini ikapiga. Fundi hakusema neno. Aliingia ndani akarudi na kifyatuo kipya kizima. Nauli sikulipwa, na leseni yangu ilikwisha msimu bila nyati.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 2014, kampuni ya Remington ya Marekani iliwataka wenye bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatuo cha X-Mark Pro waache kuzitumia na kuzirudisha, maana gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzifanya zijifyatue. Yangu haikuwa ya kampuni hiyo. Hata hivyo nilimkatia mpwa wangu habari ile gazetini nikampa.

Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Tukienda porini siku hizi yeye hutembea nyuma yangu.