Tulimlilia Nani?

Wapendwa wa pande zote za mpaka, asanteni kwa kunipa dakika hizi katika sikukuu ya ushirika wetu. Na wewe unayesoma jarida hili ukiwa nyumbani, hesabu kwamba umekaa nasi hapa kwenye benchi.

Leo naanza kwa kuungama.

Mwaka 2012 nilikuwa na mfano mmoja niliokuwa nautumia karibu kila mkutano. Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, unamkumbuka? Alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa na miezi 11 tu. Agosti mwaka ule akakimbia mita 400 kwenye Olimpiki ya London, pamoja na watu wenye miguu yao, akafika nusu fainali. Humo alimaliza wa mwisho, lakini Kirani James wa Grenada, bingwa wa dunia, alimfuata wakabadilishana vibandiko vya majina vya kifuani. Jamani, nilihubiri habari hiyo mpaka vijana wakapanda juu ya viti! Nikawauliza, "Kama huyu ameweza, wewe unashindwa nini?"

Halafu ikaja tarehe 14 Februari 2013. Nyumbani kwake Pretoria, usiku, Pistorius alipiga risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, naye akafa. Mwenyewe alisema alidhani ni mwizi. Mwaka 2014 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, lakini mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, haya ni mauaji. Mwaka 2017 kifungo chake kikaongezwa kuwa miaka 13 na miezi 5.

Mimi nilifanya nini? Nilikata ule mfano kwenye daftari langu la mahubiri. Nilijisikia kama mtu aliyeibiwa. Nikawa nasema, "Huyu kijana ametuangusha." Mashabiki wengi tulisema hivyohivyo, kana kwamba walioumizwa ni sisi.

Siku moja baada ya ibada, binti mmoja akanifuata. "Mwinjilisti, yule dada aliyekufa alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Muda wa mbio zake nilikuwa naujua kwa kichwa, lakini jina la marehemu sikulijua.

Aliitwa Reeva Steenkamp. Alikuwa na miaka 29, amesomea sheria, anafanya kazi ya uanamitindo. Siku ileile aliyouawa alikuwa aende kuzungumza na wanafunzi wa shule moja Johannesburg. Januari 2024 Pistorius alipoachiliwa kwa masharti, June, mama yake Reeva, alisema kwamba wao waliobaki ndio wanaotumikia kifungo cha maisha.

Sasa fungua 2 Samweli 11 na 12. Daudi alikuwa shujaa wa taifa. Akachukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria afe vitani. Nathani alipokuja, hakumlilia Daudi sifa zake zilizopotea. Alianza na maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake. Alianza upande wa aliyedhulumiwa! Na ukifungua Mathayo 1:6, katika ukoo wa Bwana wetu, jina la Uria bado lipo. Daudi alitubu akasamehewa, ila Uria hakufutwa.

Sasa turudi nyumbani. Katika kanisa moja nililowahi kuhudumu, kulikuwa na ndugu mwenye sauti ya ajabu. Akiimba, watu wanalia. Siku moja mkewe alikuja kwa viongozi, jicho limevimba, mkono umefungwa kitambaa. Tulikaa kikao. Mkutano mkubwa ulikuwa umebaki wiki mbili. Tukamwambia dada, "Nenda ukaombe, shetani anapiga vita huduma." Na mimi nilikuwepo kwenye kikao hicho. Ndugu aliimba, na dada akarudi kwao na watoto.

Mwaka huu nilimtafuta nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nimekusikia." Basi. Siwezi kumdai zaidi ya hapo.

Mpendwa, ondoka na mambo matatu. Kwanza, kipaji si tabia. Miguu yenye kasi, sauti tamu, hata upako unaouona madhabahuni, havikuambii mtu anaishije mlango ukifungwa. Pili, shujaa wako akianguka, kabla hujasema "ametuangusha", uliza aliyeumizwa anaitwa nani, na yuko wapi leo. Tatu, tusifunike jinai kwa maombi. Tumwombee aliyekosa, ndiyo, lakini aliyepigwa tumpeleke hospitali na polisi, tena tuketi naye mpaka aandikishe maelezo yake.

Ushirika wetu una waimbaji na wahubiri wenye majina makubwa. Sikukuu hii tutawapigia makofi. Nawe ukipiga makofi, angalia na yule dada aliyekaa nyuma kabisa, asiyepiga. Ukitoka, mfuate. Muulize jina lake.

Mungu awabariki. Amina.