Uchovu wa Kiharusi, Uchovu wa Mwaloni

Mgonjwa wa kiharusi aliyetoka hospitali ya Bugando anaweza kutembea, kusalimia vizuri, mkono ukafunguka, na bado akashindwa kumaliza kufua nguo mbili tatu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa kinachoonyesha uchovu huo. Inabidi aulizwe.

Maswali yapo. Dodoso la uchovu la Lauren Krupp na wenzake wa Marekani, la mwaka 1989, lina kauli 9. Kila moja hupewa alama 1 hadi 7. Lilianza kwa wagonjwa wa multiple sclerosis na lupus. Kuliandika kwa Kiswahili si kazi kubwa. Kazi ni kuthibitisha kwamba linapima kilekile huku kandokando ya Ziwa Victoria.

Kauli mojawapo inasema mazoezi huleta uchovu. Mvuvi wa dagaa wa mwaloni, anayekesha ziwani na taa usiku wa giza na kulala mchana, ajibu nini? Nyingine inabeba kazi, familia na maisha ya kijamii kwa mkupuo. Mwenye nafuu shambani lakini hoi misibani, aweke alama gani?

Halafu kuna kichocho, malaria na upungufu wa damu. Vyote vinachosha, vyote tunavyo. Kwa hiyo watafiti wasiishie kliniki: wawapime pia majirani wasio na kiharusi, kisha wawarudie wagonjwa walewale baada ya wiki mbili. Alama zikiyumba bila hali kubadilika, dodoso lirudi mezani. Na anayemsomea mgonjwa maswali asiwe mkwe aliyemsindikiza. Mbele ya mkwe, nani atakiri kuchoka?