Kudumu katika imani jirani anapotuhumiwa



Tunapotaja upinzani dhidi ya imani, wengi hukumbuka tarehe 26 Februari 2023, mtu alipovunja na kuingia katika Kanisa Kuu la Geita na kuharibu vitu vitakatifu. Upinzani wa namna hiyo huonekana kwa macho, nao hutuunganisha. Leo tuutafakari upinzani mwingine, ulio mgumu zaidi kwa kuwa hutoka kwa watu tunaokula nao.

Kwa miaka mingi, huku Usukumani, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi, kwa kuwapikia wana na wajukuu. Tangu mwaka 2007 yakaongezeka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto mdogo alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, akauawa. Mama alijeruhiwa akimtetea.

Nyuma ya damu hiyo ipo ramli. Simsemi mganga anayetibu kwa mitishamba. Namsema anayetaja jina la jirani. Mtoto anapofariki, ukoo huchanga fedha ili kumwendea. Mkristo anayekataa kuchanga huulizwa: "Kumbe ni wewe uliyemroga?" Kijana mchimbaji anayekataa kafara huambiwa kuwa ndiye anayeifunga dhahabu, akafukuzwa kwenye duara. Hapo ndipo imani hudai gharama yake. Ni rahisi kusali Jumapili mchana na kumwendea mpiga ramli usiku. Asiyefanya hivyo huweza kutengwa na kijiji kizima.

Kitabu cha Danieli, sura ya 13, chatufundisha. Susana alihukumiwa kufa kwa maneno ya wazee wawili walioheshimiwa. Umati wote uliamini. Danieli, kijana mmoja, alisimama akadai ushahidi, akawahoji wazee kila mmoja peke yake, na uongo ukafichuka. Kudumu katika imani ni kusimama hivyo. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, inamkataza mtu kumtuhumu mwenzake uchawi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila familia ikubaliane mapema, kabla ya msiba, kwamba haitachangia ramli. Uamuzi wa wengi humlinda mmoja.

Pili, bibi akianza kunong'onezwa, Jumuiya Ndogo Ndogo ihamishie sala nyumbani kwake, na taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji na polisi kabla ya usiku kuingia.

Tatu, anayetengwa kwa ajili ya msimamo wake tumlimie shamba na tumzikie wafu wake. Tusimhubirie uvumilivu huku tukimwacha peke yake.

Ndugu zangu, shahidi wa Kristo hapa kwetu huenda asiulizwe kama anamkana Bwana. Ataombwa mchango tu. Jibu lake laweza kuokoa uhai wa mtu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kijiji chetu, ni nani anayenong'onezwa sasa?
2. Ni nani ametengwa kwa kukataa ramli, nasi tumemsaidia vipi?