Tundu la Kinyonga na Unyevu wa Hewa

Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ubaoni kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shambani siku ile.

Ndugu wanachama,

Tuanze na lile mnalolisubiri. Vinyonga wawili wa shule walikufa, na waliowaua ni sisi. Si uchawi, wala si mkosi kama ilivyosemwa kule kisimani. Mwalimu alituomba chombo cha kuwawekea ili watoto wajifunze, nasi tukatoa lile kabati la kioo lililokuwa la maandazi dukani. Tuliliona zuri, linang'aa. Tukatia majani mabichi, tukatia bakuli la maji, tukafunga mlango. Siku ya tisa mmoja alikuwa amekaa chini, mdomo wazi, povu puani. Wa pili alimfuata wiki hiyo hiyo.

Sasa mwalimu anaomba tena, kinyonga mmoja tu. Safari hii ameanza kwa afisa wa wanyamapori, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyama wa porini bila kibali. Mara ya kwanza hata hilo hatukuliuliza. Kibali kikitoka, tundu litakuwa mzigo wetu. Ndiyo sababu tunasema nanyi leo.

Kila mmoja wenu aliyewahi kukausha iliki anaujua unyevu wa hewa kuliko anavyodhani. Wiki ya ukungu iliki haikauki hata uigeuze mara ngapi, na mwisho inaota koga. Hewa imekwisha shiba maji, haina nafasi ya kubeba mengine. Wataalamu huupima unyevu huo kwa mia: 100 ni hewa iliyoshiba kabisa. Lakini kuna jambo moja lilitutatiza hata sisi. Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwa hiyo mchana jua likipanda, hesabu hushuka ingawa maji hayajaenda popote, na usiku baridi ikiingia hupanda tena mpaka umande unadondoka.

Kinyonga wa milimani amezoea mzunguko huo. Usiku baridi na unyevu mwingi, 80 hadi 100. Mchana majani yanakauka, upepo unapita, unyevu unakuwa 50 hadi 70. Sisi tulimpa nini? Tulimpa unyevu usiku na mchana, joto, na hewa iliyolala. Koga haikuota kwenye iliki, ikaota kifuani mwake. Jamani, maji peke yake si kosa. Kosa ni maji bila upepo.

Kioo kina makosa mengine. Kinyonga akijiona humo hudhani ni mwenziwe aliyemvamia, na hawa ni viumbe wanaopenda kukaa peke yao, kila mmoja na tawi lake. Tena kioo kikipigwa na jua kinageuka tanuri. Na lile bakuli la maji lilikuwa bure. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia. Hunywa matone yanayong'aa juu ya majani. Wanyama wetu walikuwa na kiu mbele ya maji, na sisi tukisema wana kiburi.

Kwa hiyo tundu liwe la wavu. Upana sentimita 60 kila upande, kimo sentimita 120, maana kinyonga huishi kwa kupanda, si kwa kutembea. Wavu wa kuku haufai, ni mkali, unachubua miguu. Unafaa ule laini wa madirishani. Ndani tuweke mche hai ndani ya kopo, na vijiti vya kulala na kusimama, vinene na vyembamba. Mche wenyewe hutoa unyevu. Juu tutundike kopo lenye tundu la sindano, maji yadondoke tone kwa tone juu ya majani, na chini pawe na njia ya maji kutoka. Alfajiri na jioni mwanafunzi wa zamu anyunyizie majani. Mchana aache pakauke. Bomba la kunyunyizia lisiwe lililowahi kutiwa dawa ya shambani, hata likioshwa mara kumi. Hali kadhalika panzi wasitoke shamba lililopigwa dawa.

Mzee mmoja alituuliza mkutanoni, "Porini nani anamnyunyizia?" Babu, swali lako ni zuri. Ni ukungu na umande. Pale Amani mvua ni karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Ndiyo maana kwetu wavu unatosha. Ndugu zetu wa bondeni, kwenye hewa kavu, wavu mtupu ungemaliza unyevu mara moja, na ingebidi kuziba pande mbili tatu kwa nailoni na kuacha juu wazi. Huko Ulaya, walikouzwa vinyonga wengi wa milima hii kabla Serikali haijasimamisha kusafirisha wanyama hai nje mwaka 2016, wengine hutumia kioo na wanafanikiwa, kwa kuwa nyumba zao wakati wa baridi hupashwa moto na hewa inakauka mno. Lakini kioo chao kina matundu ya hewa chini na juu. Letu lilikuwa la maandazi.

Kupima hakuhitaji chombo cha bei. Tutachukua vipimajoto viwili, kimoja tukivishe kitambaa kibichi. Kile kibichi husoma chini, kwa sababu maji yakikauka yanapoza. Tofauti ikiwa kubwa, hewa ni kavu. Kwa mfano kikavu kikisoma 25 na kibichi 20, unyevu ni 60 na kidogo. Kikavu 20 na kibichi 18, unyevu ni kama 80. Watoto wa darasa la sita wanaweza hesabu hiyo, na watu wa iliki pia wangeitumia.

Mnyama mwenyewe atawaambia mengine. Macho yakididimia, au ile sehemu nyeupe ya kinyesi ikawa ya rangi ya chungwa, mara nyingi ana kiu. Akiachama mdomo na kukoroma akiwa kivulini, hewa imelala, na ni kazi ya mganga wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosema fedha ya ushirika isitumiwe kwa mdudu wa mkosi. Huyu wa pembe tatu jina lake la kitaalamu, Deremensis, limetoka Derema, hapa hapa milimani. Na mwaka 2006 wataalamu walipolipa kundi jingine la vinyonga jina jipya, walichukua neno letu: Kinyongia. Watoto wetu wakimwona wanakimbia au wanamrushia mawe.

Tunachoomba ni mita 3 za wavu wenye upana wa sentimita 120, bawaba mbili na misumari. Mbao zipo ghalani. Kabati la kioo limerudi dukani, limeoshwa kwa maji ya moto. Kura itapigwa mkutano ujao, baada ya mahesabu ya iliki.

Sisi,
Kamati ya Elimu