PAIPAI: TUNDA LINALISHA, MAZIWA NA MAJANI TUANGALIE

Mbele ya kupima watoto, leo tutasema juu ya mti ambao wengi wenu mnao nyuma ya nyumba, ni mpaipai. Huku kwetu Kasindi kuna joto, mti huu unapenda joto, nao unazaa vizuri. Lakini mti mmoja hauna kazi moja. Tunda bivu ni chakula. Maziwa yake na majani yake ni kitu kingine.

1. Ndani ya tunda bivu kuna nini?

Ukikata gramu 100 za paipai bivu, ni kama kipande kimoja kikubwa, karibu gramu 88 ni maji. Sukari ni kama gramu 8. Vitamini C ni kama miligramu 60. Mtoto wa miaka 2 anahitaji miligramu 30 kwa siku. Basi nusu ya kipande kile inamtosha. Vitamini C inalinda ufizi, inasaidia vidonda kupona, na inasaidia mwili kuchukua chuma cha maharagi na sombe. Kwa hiyo mumpe mtoto paipai pamoja na chakula.

Ile rangi ya manjano au nyekundu inageuka vitamini A mwilini. Vitamini A inalinda macho. Mtoto anayeikosa haoni vizuri jioni, anagonga viti, anatafuta sahani kwa mikono. Ukiona hivi, usingoje. Mlete mara moja, sababu jicho likiharibika kabisa halirudi.

Lakini tuseme ukweli: kipande kile kinatoa kama sehemu moja tu kati ya nane ya vitamini A anayohitaji mtoto kwa siku. Ongezeni lengalenga, sombe na kijiko cha mawese mekundu. Mawese yasiunguzwe mpaka yawe meupe. Rangi ikipotea, vitamini A nayo imepotea. Na siku ya kutoa vitamini A kwa watoto, msikose kuja.

2. Paipai halina nini?

Halina nguvu ya kujenga mwili. Gramu 100 zina nusu gramu tu ya protini. Mtoto wa miaka 2 anahitaji kama gramu 13 kwa siku. Angepaswa kula kilo 2 na nusu za paipai! Tumbo lake halitoshi. Mtoto wa paipai na bugali tu anaweza kuvimba miguu na kubadilika nywele. Anahitaji pia maharagi, karanga, yai, ao samaki ya Kyavinyonge.

3. Maziwa ya paipai bichi

Wengi wenu mnajua kazi ya kukata paipai bichi asubuhi, maziwa yanatiririka, yanakaushwa, yanauzwa. Ni papaini. Eneo letu la Beni lilijulikana kwa biashara hiyo. Viwanda vinaitumia kulainisha nyama na kusafisha bia. Mwanamke anayefunga nyama ngumu katika majani ya paipai anafanya kazi ile ile: papaini inavunja protini ya nyama.

Sasa fikirini: kitu kinacholainisha nyama, kitafanya nini kwa ngozi na macho ya mtoto? Kinachoma. Kikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, kisha njoo kwa muganga. Na mama mwenye mimba asile paipai bichi: kwa panya, maziwa hayo yalikaza kizazi. Paipai bivu kabisa anaweza kula bila woga.

4. Majani

Majani yana protini kupita tunda, lakini yana pia karpaini, ndiyo ule uchungu. Karpaini ikizidi inapunguza mwendo wa moyo. Nani anaweza kupima kiasi chake ndani ya sufuria? Hakuna. Kwa hiyo mtoto na mama mwenye mimba wasinyweshwe maji ya majani haya.

Wengine wanauliza: "Si yanaponyesha malaria?" Mama, malaria inaweza kuua mtoto mdogo kwa siku moja ao mbili. Siku unazongoja majani yafanye kazi, ugonjwa unapanda kichwani. Mtoto akiwa na homa, mlete siku ile ile apimwe damu.

Mkumbuke:

- Mpaka miezi 6, maziwa ya mama tu. Baada ya hapo, ponda paipai bivu, umpe kwa kijiko.
- Nawa mikono, osha tunda na kisu mbele ya kukata.
- Msiuze mapaipai yote sokoni na kununua biskuti na soda zinazopita mpakani. Mabaya uza, mazuri bakisha? Hapana: lile zuri la kwanza ni la mtoto.
- Panda mbegu pembeni ya nyumba. Karibu mwaka mmoja, utavuna.

Sasa, nani ana swali? Ulizeni, kisha tuanze kupima.