Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Maafisa Wateule Wastaafu, Mkoani Mara



Tumekutana katika mkoa uliomzaa Jenerali David Musuguri. Wengi humtaja kama Mkuu wa Majeshi, tangu 1980 hadi 1988. Mimi naomba leo tumtazame kule alikoanzia. Mwaka 1942 aliingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi kuwa efendi. Idi Amin naye alipitia uefendi katika jeshi hilohilo. Mwaka 1979 mmoja alikuwa rais wa Uganda aliyekuwa ameivamia Kagera, mwingine akiongoza Divisheni ya 20 iliyomfukuza.

Nafasi ile ya uefendi, ya kusimama kati ya afisa na askari, ndiyo mliyoishika ninyi maafisa wateule. Luteni huja, akahamishwa. Ninyi mlibaki na kombania, mkimjua kila askari kwa jina, na hata nani kaacha mgonjwa nyumbani.

Vita vya Kagera vilipoanza, mgambo kwa maelfu waliitwa kutoka mashambani. Kuna waliokuwa hawajawahi kusikia kombora. Walipaswa kuwa askari katika miezi michache, na mzigo huo uliwaangukia masajini na maafisa wateule.

Pale Lukaya, Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilirushiwa makombora na Walibya waliomsaidia Amin. Wengi walitawanyika kwenye kinamasi. Nalisema hili mbele yenu bila haya, kwa sababu alfajiri brigedi ilijipanga tena, na ya 208 ikamshambulia adui kutoka ubavuni. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilikuwa mikononi mwetu. Watu waliotawanyika kwenye kinamasi, usiku, hawakusanywi kwa ramani. Wanamfuata mtu ambaye sauti yake wanaijua gizani.

Vitabu vya vita vile vimejaa majina ya majenerali, na wanastahili. Yenu hayamo. Hilo linaniuma, maana nishani mlizovaa leo hazielezi mlichokifanya.

Jenerali Musuguri alitutoka Oktoba 2024, akiwa na zaidi ya miaka mia moja. Makamanda, muda hautusubiri, nawaomba: kabla mwaka huu haujaisha, kila mzee aliyeketi hapa apelekewe kijana mwenye kinasa sauti, amsikilize hadi amalize. Gharama za kazi hiyo katika mkoa huu nitazibeba mimi.